Mkato wa J: sauti inapotangulia picha

Mkato wa J ni namna ya kuunganisha matukio mawili ya video kwa kuiacha sauti ya tukio linalofuata isikike kabla picha yake haijaonekana. Mama anafunga begi chumbani, kimya. Tungali tunamtazama, honi inalia na makonda wanaita "Dodoma! Dodoma!" Ndipo picha inabadilika: tuko stendi ya Msamvu, Morogoro. Sikio lilishafika zamani.

Jina limetokana na umbo. Kwenye programu nyingi za kuhariri, picha hukaa juu na sauti chini. Sauti ya klipu ya pili ikianza mapema, huchomoza kushoto chini ya picha ya kwanza, mithili ya mkunjo wa herufi J. Kinyume chake, picha imeshabadilika na sauti ya tukio lililopita ingali inaendelea, ndio mkato wa L.

Kwangu mimi, hakuna mwalimu wa mkato huu kama skripti za zamani za televisheni, hasa za habari na makala. Nyingi zilipigwa chapa kwa safu mbili: kushoto picha, kulia sauti. Weka rula kwa mlalo kwenye karatasi, uishushe mstari kwa mstari. Pale sauti mpya inapotokea mstari wa juu kuliko picha yake, umeupata, hata kama haukutajwa kwa jina.

Wahariri wa habari wa enzi hizo walikuwa na sababu ya kuchunga sana sauti na picha. Filamu yao ya milimita 16 ilikuwa na utepe wa sumaku wa kubeba sauti pembeni, na sauti ilikaa fremu 28 (yaani picha moja moja za filamu) mbele ya picha yake. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya sekunde nzima. Ukikata pale neno linapoanza, mtazamaji atamwona msemaji kabla hajasema kitu, au midomo ikicheza kwa maneno uliyoyatupa. Dawa mojawapo ilikuwa kuendesha roli mbili za filamu kwenye projekta mbili kwa pamoja, ili picha ibadilishwe kwa wakati wake na sauti kwa wakati wake. Nikifikiria kazi hiyo ikifanywa hewani, taarifa ya habari ikiendelea, nawavulia kofia.

Leo tunatenganisha sauti na picha kwa kubonyeza mara moja. Anza kwa kuitanguliza sauti fremu 12 hivi, karibu nusu sekunde. Sauti ya mahali, kama stendi au bahari, huvumilia hata sekunde mbili. Ya mtu anayeongea haivumilii, mtazamaji ataanza kumtafuta. Kwenye mazungumzo ya watu wawili, jaribu kubaki na uso wa anayesikiliza mpaka mwenzake afikie neno la tatu la jibu lake. Hapo ndipo ukate.