Mstari Mmoja Hautoshi: Dhana Potofu Kuhusu Maandiko Tunayohubiriwa

Namba za sura na mistari hazikuwamo katika maandiko ya awali. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na Robert Estienne katika chapa yake ya 1551. Namba zimeturahisishia kutafuta, lakini zimetuzoesha pia kunyofoa sentensi moja na kuiacha sura nzima nyuma. Dhana nyingi potofu huanzia hapo.

"Yeremia 29:11 ni ahadi kwamba mambo yako yatanyooka mwaka huu."

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mstari mtamu, na mikesha ya mwaka mpya haiukosi. Ila hii ni barua, na barua ina wenyewe. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK. Rudi nyuma mstari mmoja tu: Mungu anasema atawarudisha miaka 70 itakapotimia. Mtu mzima aliyesikia barua ile ikisomwa alielewa mara moja kwamba yeye atazikwa huko huko.

Aliyekuwa na ujumbe wa haraka alikuwa nabii mwingine, Hanania, katika sura ya 28. Alitangaza hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia akamjibu "Amina, Bwana na afanye hivi," kisha baadaye akamwambia waziwazi kwamba Bwana hakumtuma. Sasa jiulize: mahubiri mengi ya mstari wa 11 yanafanana zaidi na ya nani kati ya hao wawili?

Na ukiisoma barua yote hupotezi kitu, unaongezewa. Mateka wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji uliowateka. Hilo ni neno kwa aliye mahali asipopachagua, kwenye kazi asiyoipenda au ugeni usio na tarehe ya mwisho: ishi hapo kikamilifu, na watakie mema walio karibu nawe.

"Kumhoji mchungaji ni kumgusa masihi wa Bwana."

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. Inatolewa Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Masihi hapa maana yake ni mpakwa mafuta, mteule wa Mungu. Zaburi hiyo inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, waliokuwa watu wachache wakitangatanga toka taifa hata taifa, na wanaokemewa ni wafalme ambao wangeweza kuwadhuru. Muumini anayetaka kujua sadaka zimetumikaje hayumo kabisa katika picha hiyo.

Wengine hukimbilia kwa Daudi, aliyekataa kumuua mfalme Sauli pangoni kwa sababu ni masihi wa Bwana. Kweli alikataa. Lakini endelea na 1 Samweli 24 uone kilichofuata. Daudi alitoka pangoni, akainama kifudifudi, kisha akaanza kumhoji mfalme kwa sauti huku kipande cha vazi lake kikiwa mkononi kama ushahidi. Alimheshimu, na alimwambia ukweli. Miaka mingi baadaye Daudi mwenyewe, naye akiwa mpakwa mafuta, aliambiwa na nabii Nathani, aliyemkemea kwa dhambi yake: "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakujibu kwamba ameguswa. Alikiri. Na watu wa mji wa Beroya waliyachunguza maandiko kila siku wapate kuona kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo.

"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba."

Tunawaambia hivyo wafiwa, tukidhani tunanukuu 1 Wakorintho 10:13. Mstari ule unahusu kujaribiwa hadi kutenda dhambi, na unaahidi mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyo huyo anaandika katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo mwenye msiba akikwambia ameshindwa, usimsahihishe. Kaa naye.

Nyingine hazihitaji maelezo marefu. "Jisaidie nikusaidie" haimo kwenye Biblia, hata ukiitafuta kutwa. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu. Zawadi ndizo zilizotajwa tatu. Maria Magdalena haitwi kahaba popote. Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba, basi. Na shina la mabaya ya kila namna katika 1 Timotheo 6:10 si fedha yenyewe, ni kupenda fedha, jambo ambalo asiye na senti anaweza kulifanya vizuri tu.

"Mhubiri wa kweli haandai, Roho atampa la kusema."

Ahadi ya Mathayo 10:19-20 ipo, nami siidharau. Lakini walioahidiwa ni wanafunzi watakaposalitiwa na kupelekwa mbele ya maliwali na wafalme. Hao hawana nafasi ya kuandaa chochote. Mhubiri aliyejua tangu wiki iliyopita kwamba zamu ni yake hayuko kizuizini, na wasikilizaji wanajua dakika ile anapoanza kuzungukazunguka, akipandisha sauti pale ambapo hoja imemwishia.

Barua ile ile inayomhimiza Timotheo kulihubiri neno, wakati ufaao na usiofaa (2 Timotheo 4:2), ina ombi dogo mistari michache mbele. Paulo yuko kifungoni na anajua wakati wa kufariki kwake umefika. Anaagiza aletewe joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi.