Wakili Wako Akimsalimia Mwenzake, Hajakuuza

Hapa Tabora, dhana potofu ninayokutana nayo kuliko zote katika mashauri ya ndoa ni kwamba wakili wako akionekana akicheka na wakili wa mumeo au mkeo, basi ameshanunuliwa. Mteja ametoka Urambo alfajiri, ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, mara anawaona wawili hao wakipeana mikono, wakiitana "msomi", na mmoja akimpa mwenzake nakala ya orodha ya mali ambayo mwenzake huyo ameisahau ofisini. Nimeshaulizwa kwa kunong'onezwa: "Wakili, kwani nyie ni ndugu?"

Ukweli ni kwamba mawakili tunafungwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na kanuni za maadili za mwaka 2018, na kumtendea wakili mwenzako kwa heshima na uaminifu ni wajibu wetu kama ulivyo wajibu wa kumtetea mteja na kutunza siri zake. Anayemsaliti mteja hushtakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, ambayo inaweza hata kuamuru jina lake liondolewe katika orodha ya mawakili. Nakala ile isingetolewa pale benchini, huenda shauri lingeahirishwa, na mtu wa Urambo angelipa nauli mara ya pili kwa jambo la dakika moja.

Dhana nyingine ni kwamba anayeshinda ni wakili mkali, yule ambaye mteja anataka "amvue nguo" mwenzake mahakamani. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mahakama hutazama kwanza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Katika mali hutazama mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Rufani ilikwishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa watoto, ustawi wao ndio unaotangulia. Sioni mahali ambapo tusi linaongeza uzito. Barua ya wakili, tukumbuke, huweza kuandikwa kwa Kiswahili na kuishia kwenye droo ya nyumbani, ambako mtoto wa darasa la tano anaweza kuifungua na kusoma mama yake ameitwa nani. Kwa hiyo kila barua ya namna hiyo naisoma tena kwa macho ya mtoto huyo kabla sijaitia saini.

Wapo wanaodhani pia kwamba wakili anaweza kumpigia simu mume au mke wa upande wa pili "wayamalize". Kama mtu huyo ana wakili, mazungumzo hupitia kwa wakili wake. Na kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ambako kwa kawaida mgogoro hupita kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani, mawakili hatuingii kabisa. Sheria imewaachia wanandoa wenyewe na wazee wa baraza.

Dhana ya mwisho wanayo hata baadhi ya mawakili vijana: kwamba adabu ni kukubali kila ombi la ahirisho. Mwenzangu akifiwa, namweleza mteja wangu, kisha nakubali tarehe nyingine, kwa kuwa hata uamuzi wa upande mmoja, uliotolewa yeye akiwa hayupo, ungeweza kutenguliwa na tukaanza upya. Lakini baba anapojificha nyuma ya maahirisho huku watoto hawana chakula wala daftari, nampigia wakili wake jioni ya kuamkia shauri, namwambia wazi kwamba nitapinga na kwamba nitaomba amri ya matunzo wakati shauri likiendelea. Asubuhi tunasalimiana kama kawaida, kisha nasimama na kupinga.