Gongo, Fidla na Parokia: Yanayodhaniwa Kuhusu Vijiji vya Ayalandi na Yalivyo Kweli

Afrika Mashariki tumewajua Waayalandi kwa muda mrefu kupitia masista, mapadri na mabruda waliokuja kufundisha na kutibu. Mmoja wao, Bruda Colm O'Connell kutoka Kaunti ya Cork, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St Patrick's, akaishia kuwa kocha wa wakimbiaji, David Rudisha akiwemo. Lakini kwao kwenyewe, huko vijijini, watu hawa wanaishije na wanajivunia nini? Hapo wengi wetu tunabahatisha. Picha tuliyo nayo ni ya bia nyeusi, nguo za kijani na watu wanaoimba baa. Mimi michezo yao na muziki wao umenikaa moyoni, na huniuma kusikia vikielezwa visivyo. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi.

"Hurling ni mpira wa magongo wa Waayalandi"

Anayesema hivi ameona gongo akaishia hapo. Katika mpira wa magongo tulioujua shuleni, mpira kwa kawaida unakwenda chini chini. Katika hurling mpira unaishi hewani. Kila timu ina wachezaji 15, na uwanja unaweza kufika urefu wa mita 145. Mpira wenyewe, sliotar, ni mkubwa kidogo tu kuliko wa tenisi, umevikwa ngozi yenye mishono iliyoinuka. Huruhusiwi kuuokota chini kwa mkono. Unauzoa kwa ncha ya gongo, unaudaka, unakwenda nao mkononi hatua zisizozidi nne. Au unaulaza juu ya bapa la gongo na kukimbia nao unavyotaka, huku mtu anakusukuma bega kwa bega. Magoli yana umbo la herufi H. Ukiupitisha mpira juu ya mwamba umepata pointi 1, ukiuingiza wavuni chini ya mwamba ni goli, nalo lina thamani ya pointi 3. Ndiyo maana matokeo yao husomwa kwa namba mbili, magoli kwanza, pointi baadaye, na mgeni hulazimika kupiga hesabu kichwani kabla hajajua nani kashinda.

Gongo lenyewe, camán, linastahili kushikwa na kutazamwa. Kwa desturi huchongwa kutoka kitako cha mti wa ash, pale shina linapojipanua kuingia kwenye mizizi. Seremala wa kawaida angetafuta ubao ulionyooka, lakini fundi wa magongo anautafuta ule mpindo. Nyuzi za mti zikiufuata mpindo mpaka kwenye bapa, gongo linanesa bila kupasuka. Ukishika gongo zuri unaweza kufuata uzi mmoja wa mti kwa kidole kutoka mshikio hadi ncha, usikatike njiani. Kisha bapa hufungwa mkanda mwembamba wa bati. Tangu 2012 kuna ugonjwa wa ukungu unaoua miti hii nchini humo, na mafundi wengine wameanza kutumia mianzi. Wazee wanasema mlio wake si ule ule, na ninawaelewa. UNESCO iliuingiza mchezo huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018, na fundi yule ni sehemu ya urithi huo sawa na mchezaji.

Na wanaodhani watu wanavunjana vichwa kila Jumapili: kofia ngumu yenye uso wa waya ni lazima kwa wachezaji wote tangu 2010.

"Uwanja unajaa watu 80,000, basi wachezaji ni mamilionea"

Kosa hili linaeleweka. Croke Park, Dublin, unachukua watu 82,300, na siku ya fainali ya hurling au ya soka ya Kigaeli, yaani soka yao wenyewe ya kuchezwa kwa mikono na miguu, kupata tiketi ni shughuli. Lakini wote waliomo uwanjani ni wachezaji wa ridhaa. Hakuna mshahara wala ada ya usajili. Wa timu za kaunti hurudishiwa nauli na hupata ruzuku ndogo ya serikali, lakini fainali ikiisha Jumapili, wiki inayofuata nyota wa mchezo ni mwalimu darasani, fundi umeme juu ya ngazi, au mkulima mwenye ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa.

Chama kinachoisimamia michezo hii, GAA (Gaelic Athletic Association), kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, Kaunti ya Tipperary. Waanzilishi wake waliijenga klabu juu ya parokia, na hili ndilo jambo ambalo mtu wa nje hulikosa kabisa. Huchagui klabu kwa sababu inashinda. Unachezea pale ulipokulia, na kuhama ni jambo la maombi na vikao. Kwa hiyo jezi inamaanisha mahali: barabara fulani, shule fulani ya msingi, makaburi ya ukoo wako. Ukimshinda jirani wa parokia ya pili, Jumatatu utakutana naye dukani.

Nani basi anakata nyasi, anafua jezi, anapanga mistari ya chokaa? Wanakijiji, jioni, baada ya kazi. Pesa huchangwa kwa bahati nasibu ya kila wiki ya klabu, ambayo bibi wa miaka 80 hununua tiketi yake bila kukosa japo hajawahi kushinda kitu. Wakati wa UVIKO-19 klabu hizo hizo ziliwapelekea wazee chakula na dawa mlangoni, kwa sababu orodha ya nani anaishi peke yake kwenye kona ipi ilikuwa tayari vichwani mwa watu. Mtu wa klabu akifariki, wenzake hujipanga mistari miwili wakiwa na jezi, na jeneza hupita katikati. Nikiulizwa GAA ni nini, naanza na mistari ile miwili kabla ya kutaja kombe lolote.

Na isidhaniwe kwamba mambo haya yako salama milele. Vijana wanakwenda Dublin, Sydney, Dubai. Zipo parokia za magharibi ambazo zamani zilikuwa na timu za kila rika, na leo zinaungana mbili au tatu ili zipate watoto 15. Kuungana na uliyemzomea miaka mia moja ni uchungu ambao takwimu hazionyeshi.

"GAA ni chama cha Wakatoliki wanaowachukia Waingereza"

Hapa kuna ukweli uliopotoshwa, na nisingependa kuupaka rangi. Chama kilizaliwa katika vuguvugu la kurudisha michezo na lugha ya Kiayalandi chini ya utawala wa Uingereza. Croke Park una jina la askofu mkuu Mkatoliki, Thomas Croke. Tarehe 21 Novemba 1920, Dublin wakicheza na Tipperary, askari wa dola walivamia uwanja na kufyatua risasi. Watu 14 walipoteza maisha, watoto wakiwemo, pamoja na mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Jukwaa moja la uwanja lina jina lake hadi leo. Kwa miongo mingi mwanachama aliyecheza soka la kawaida au raga alifungiwa, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1971 tu. Ile iliyowazuia polisi na wanajeshi wa Uingereza kujiunga ilidumu mpaka 2001.

Lakini kombe kubwa kuliko yote la soka ya Kigaeli lina jina la Sam Maguire, Mprotestanti kutoka Dunmanway, Cork. Na mwaka 2005 wanachama walipiga kura kuruhusu raga na soka kuchezwa Croke Park wakati uwanja mwingine ukijengwa upya. Tarehe 24 Februari 2007 timu ya raga ya Uingereza ilisimama kwenye majani yale yale ya 1920, na wimbo wao wa taifa ukapigwa. Watu waliogopa zomeazomea. Haikutokea, wimbo ulisikilizwa kwa heshima mpaka mwisho. Kisha Ayalandi ikashinda 43 kwa 13. Huko Ayalandi ya Kaskazini bado wanachama wengi wanatoka upande wa Wakatoliki, ila mwaka 2020 ilianzishwa klabu Belfast mashariki, eneo la Waprotestanti wengi, yenye kaulimbiu kwa lugha tatu: Kiayalandi, Kiingereza na Kiskoti cha Ulster.

"Mayo wamelaaniwa"

Kaunti ya Mayo ilitwaa kombe la soka ya Kigaeli mwaka 1951, na haijalipata tena. Husimuliwa kwamba kikosi kikirudi nyumbani kwa shangwe kilipita mazishi pale Foxford bila kusimama, padri akakasirika akawalaani: hamtashinda mpaka wote mfe. Hakuna ushahidi wa laana hiyo. Mchezaji wa mwisho wa kikosi kile alifariki Septemba 2021, na kombe halijaja.

Kilichopo ni hesabu chungu. Kuanzia 1989 hadi 2021 walifika fainali 11 na kupoteza zote. Za 2013, 2016 na 2017 zilikuwa dhidi ya Dublin, na kila moja waliikosa kwa pointi moja tu, ile ya 2016 ikiwa ya marudio. Mayo ina watu takriban 138,000; Dublin ina zaidi ya milioni 1.4. Laana haihitajiki hapo. Ninachokipenda ni kwamba kila kiangazi vibendera vya kijani na nyekundu vinarudi juu ya nguzo za barabara zao, kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

"Wanawake kazi yao ni kukata sandwichi"

Camogie, hurling ya wanawake, ina chama chake tangu 1904, na chama cha soka ya Kigaeli ya wanawake kilianzishwa 1974. Fainali ya soka yao mwaka 2019 ilitazamwa na watu 56,114 pale Croke Park. Kilichobaki nyuma ni ugawaji wa viwanja na fedha, na wachezaji wenyewe wamelisema hilo hadharani.

"Muziki wa baa ni wa kale, haujabadilika"

Midundo mingi ni ya zamani kweli, lakini kuupigia baa ni jambo la juzi. Muziki ulikuwa wa jikoni: majirani wanakuja, meza inasukumwa ukutani, watu wanacheza juu ya sakafu ya mawe. Mwaka 1935 sheria ilitaka kila dansi ya hadhara iwe na kibali, na mapadri na polisi wakaitumia kuzibana hata dansi za nyumbani. Miaka ya 1940 na 1950 vijana wakaenda London kujenga barabara. Walipanga vyumba visivyo na jiko la kukaribisha watu, wakaanza kukutana na fidla zao kwenye baa za Camden na Kentish Town. Desturi hiyo ikarudi nyumbani, ikakuta chama cha muziki wa asili, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, kilichoundwa 1951 na tamasha lake la Fleadh, ikashamiri.

Vyombo navyo vimesafiri. Bouzouki, ala ya nyuzi, ni ya Kigiriki, iliingia miaka ya 1960. Banjo asili yake ni kwa Waafrika waliofanywa watumwa Amerika. Bodhrán, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi inayofanana na tari, haikuwa na nafasi ya kudumu katika vikundi mpaka mtunzi wa muziki Seán Ó Riada alipoipa miaka ya 1960. Hata mitindo ya fidla ilibadilishwa na santuri alizorekodi Michael Coleman wa Sligo akiwa New York, zikarudi kijijini kwake kwa meli.

Ukiingia mahali wanapopiga, utaona viti vimegeukiana, na wengine wamewapa wateja mgongo. Si kiburi. Wanapigiana wenyewe, wewe umeruhusiwa kusikia. Mmoja anaanza, wanaoujua wimbo wanaingia, unazungushwa mara mbili au tatu, halafu jicho linainuliwa, kichwa kinatikiswa kidogo, na wote wanahamia wimbo mwingine bila kupumua. Hakuna karatasi ya nota. Mtoto wa miaka 12 anakaa kando ya mzee wa 70, na asiyeujua wimbo anaweka ala mapajani na kusikiliza. Ukija na ngoma yako na tayari kuna nyingine, subiri uitwe.

"Lazima uwe umezaliwa huko"

Seán Óg Ó hAilpín alizaliwa Fiji, mama wa Kifiji na baba wa Fermanagh. Mwaka 2005 aliiongoza Cork kutwaa kombe la hurling, akapanda jukwaani na kutoa hotuba nzima kwa Kiayalandi. Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa Iraq, alishinda kombe la hurling la daraja la chini Croke Park akiwa na Leitrim mwaka 2019. Boidu Sayeh, mzaliwa wa Liberia, ameichezea Westmeath. Ubaguzi upo pia: Lee Chin wa Wexford, ambaye baba yake ni Mmalaysia, amesimulia hadharani matusi aliyopigwa uwanjani kwa rangi yake. Mzazi ajue hilo kabla hajampeleka mtoto.

Ila ampeleke. Nawaambia hivyo Waswahili wenzangu walioko kule kwa kazi za hospitali na za kulea wazee, wanaoniambia watoto wao hawana marafiki kijijini. Mazoezi ya wadogo mara nyingi ni Jumamosi asubuhi. Mpeleke na viatu vya kawaida. Gongo na kofia ataazimwa mpaka uone kama kapenda. Kwa walio chini ya miaka 12 taratibu za GAA zinataka kila mtoto aingie acheze, hata asiyejua kuuzoa mpira. Na wewe usiondoke na gari: kaa kwenye kamba pale, maana kabla ya mapumziko kuna mtu atakuletea chai na kukuuliza mnakaa nyumba ipi.