"Nikishinda kesi Dar, nitalipwa Guangzhou": dhana potofu kuhusu mikataba ya mtandaoni

Leo mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anaagiza kontena zima kutoka Guangzhou bila kupanda ndege. Wanaelewana bei kwenye WhatsApp au WeChat, anatumiwa proforma (ankara ya awali), analipa sehemu ya kwanza kwa TT (uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki) na kumalizia kabla mzigo haujapakiwa. Mzigo ukifika tofauti na ulivyoagizwa, anaanza kutafuta haki akiongozwa na aliyoyasikia kwa wenzake, na mengi kati ya hayo humzidishia hasara.

Dhana: Hatukusaini karatasi, basi hakuna mkataba

Mkataba upo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa ujumbe wa kielektroniki, na Kenya nayo inaukubali. Kinachowaangusha watu ni ushahidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ushahidi wa aina hii uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na kifaa kilichotumika. Picha ya skrini iliyokatwa juu na chini, isiyo na namba wala tarehe, ni rahisi kupingwa. Hifadhi mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, na simu yenyewe usiiuze kesi ikiwa haijaisha.

Zito zaidi ni hili: unamshtaki nani? Kampuni ya China husajiliwa kwa jina la Kichina. Lile la Kiingereza lililoko kwenye proforma silo lililo kwenye daftari la usajili. Dai leseni ya biashara yenye namba ya usajili ya tarakimu na herufi 18, na mkataba ugongwe mhuri wenye jina hilo hilo la Kichina. Kisha linganisha na jina la mwenye akaunti ya benki. Ukiambiwa utume fedha kwa akaunti ya mtu binafsi, usitume.

Dhana: Nikishinda kesi nyumbani, muuzaji atalipa

Hukumu hukaziwa, yaani hutekelezwa, pale mali ya mdaiwa ilipo. Muuzaji asiye na ghala wala akaunti Tanzania hana cha kukamatwa Tanzania. Na hukumu za mahakama hazivuki mipaka kirahisi. Kenya ina sheria ya kutambua hukumu za nje kwa nchi zilizotajwa tu: Australia, Malawi, Rwanda, Seychelles, Tanzania, Uganda, Uingereza na Zambia. China haimo, Falme za Kiarabu hazimo, na huko ndiko bidhaa nyingi zinakotoka.

Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa msuluhishi ambaye wahusika walikubali aamue badala ya mahakama, ina njia pana zaidi. Mkataba wa New York wa 1958 unazifunga nchi zaidi ya 170 kuzitambua tuzo zilizotolewa nchi nyingine. Tanzania iliingia 1964, China 1987, Kenya 1989, Falme za Kiarabu 2006. Ukipata tuzo Nairobi au Kigali, mahakama ya China haisikilizi upya nani alimkosea nani. Inaweza kuikataa kwa sababu chache tu, kwa mfano mdaiwa hakupewa taarifa. Ila usilale: China inatoa miaka 2 ya kuomba utekelezaji.

Haya yote hayawezekani bila kifungu cha usuluhishi ndani ya makubaliano. Mgogoro ukishazuka, muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zako hana sababu ya kukubali kukisaini. Kiandikwe kwenye proforma kabla hujalipa: kituo gani cha usuluhishi, mji gani, lugha gani, sheria ya nchi gani. Wanaouziana ndani ya Afrika Mashariki wana nafasi ambayo wengi hawaijui: kwa Ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha inaweza kuwa msuluhishi wa mkataba wa kibiashara, mradi wahusika wameandika hivyo.

Dhana: Nilibofya "Nakubali" bila kusoma, kwa hiyo masharti hayanibani

Kwa kawaida yanakubana. Mahakama za Kenya zimeshikilia tangu miaka ya 1980 kwamba mliochagua mahakama ya kwenda mtaenda huko, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Sababu hiyo huweza kupatikana: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kifungu cha Uber kilichomtaka dereva wa Ontario apeleke dai lake kwenye usuluhishi Uholanzi, ambako ada ya kuanzia ilikuwa kama dola 14,500 za Marekani. Dereva huyo alibahatika kuwa na mahakama ya kwao iliyoukubali utetezi wake. Mimi nisingeweka biashara yangu juu ya matumaini hayo. Soma vifungu viwili tu, cha sheria inayotumika na cha mahali pa kutatua mgogoro, hata kama mengine huyasomi.

Dhana: Bila wakili wa kimataifa, fedha zimekwenda

Kwa mzigo wa dola 2,000 usuluhishi wa kimataifa utagharimu kuliko deni, hilo ni kweli. Lakini jukwaa ulilonunulia lina dawati la malalamiko, na Alibaba hulinda malipo yaliyopita ndani ya mfumo wake. Muuzaji anayekushawishi ulipe pembeni ili akupunguzie bei anakuvua ulinzi huo. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe malipo. PayPal hupokea lalamiko ndani ya siku 180 tangu ulipolipa, na meli ikichelewa siku hizo zinaendelea kuhesabiwa, kwa hiyo fungua lalamiko hata kama muuzaji bado anaahidi kurekebisha.