Mada Si Makala

Wiki haipiti kabla sijapokea ujumbe wa aina hii: "Mhariri, ningependa kuwaandikia kuhusu uvuvi katika Ziwa Victoria." Mwandishi ni kijana mwerevu wa Kisumu au Homa Bay, na anaamini amenipa wazo. Bado hajanipa.

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba ukishapata mada umepata makala. Mada haina mtu, haina swali, wala haina sababu ya kuchapishwa mwezi huu badala ya mwaka kesho. Chukua omena, wale dagaa wa ziwa hilo. Huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wakakusanywa kwa wavu. Mbalamwezi ikikomaa, taa hazivuti tena, na mashua nyingi hubaki ufuoni. Basi mama anayeanika omena kule Mbita hupanga deni la dukani na mchango wa chama cha akiba kwa kufuata mwezi wa angani, huku shule ikidai karo kwa kalenda ya muhula. Hapo sasa pana makala! Hata msomaji wa Eldoret asiyewahi kugusa wavu atataka kujua mama huyo anavuka vipi.

Au nenda Obunga, mtaa wa Kisumu. Viwanda vikishachukua minofu ya mbuta (sangara), kinachobaki huuzwa na kukaangwa, ndio mgongo wazi. Uliza kwa wakaangaji: kiwanda kikipunguza kazi, sufuria zenu huwaje? Ukiniletea kwa jumla jumla tu matatizo ya akina mama wauza samaki, nitajua hujatoka nyumbani.

Ninachosisitiza kwa kila mwandishi mgeni ni hiki: nenda kwanza, kaa nusu siku, ndipo uandike pendekezo. Sentensi mbili zinanitosha: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Zikikushinda, rudi ufuoni ukaulize tena.

Wengine hudhani mhariri wa makala ni wa kusahihisha herufi na koma. Hayo huja mwisho kabisa. Kabla yake nauliza ulimwona wapi huyu, takwimu hii umeitoa wapi, na kwa nini jambo zito umelificha aya ya tisa.

Urefu nao si uzito. Maneno 3,000 yaliyojaa hotuba za ufunguzi wa warsha nitayakata bila huruma.

Halafu wapo wahojiwa wanaoamini wana haki ya kusoma makala nzima kabla haijachapishwa, na waandishi wanaowaahidi hivyo. Msiwaahidi. Mpigie mhojiwa simu, msomee nukuu zake na tarakimu alizokupa. Akionyesha kosa, rekebisha. Lakini anayetaka kufuta maneno yake kwa sababu mkubwa wake atakasirika amechelewa. Yasiyofaa kunukuliwa mngekubaliana kabla hujafungua daftari.