Kichwa Kilichoanza Ghafla: Saa ya Kwanza Idara ya Dharura

Wagonjwa wengi wanaofika idara ya dharura wakilalamikia kichwa huamini kuwa ukali wa maumivu ndio kipimo cha hatari, lakini swali ninalolitanguliza ni jingine: maumivu yalichukua muda gani kufikia kilele? Kipandauso huuma vikali mno, ila aghalabu hupanda taratibu. Kichwa kinachofikia kilele ndani ya dakika moja, pengine mtu akiwa ananyanyua ndoo ya maji, hutulazimu kushuku mshipa uliopasuka na kuvujisha damu kuuzunguka ubongo.

Kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa mionzi, kikifanyika ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine ya kisasa na picha ikasomwa na mtaalamu, ni nadra sana damu hiyo kutoonekana. Muda huo ukipita, huenda tukahitaji kuchukua kwa sindano maji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana namsihi ndugu aliyemleta mgonjwa akumbuke saa, hata kwa kukadiria: ilikuwa kabla ya adhana ya alasiri au baada yake?

Sindano hiyo ya mgongoni inaogopwa kupita kiasi, na hofu hiyo inaniuma, kwa sababu familia hukataa kipimo ambacho kingemwokoa mtu wao. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale neva kuu ya mgongo inapokomea, hivyo haiigusi.

Homa ikiambatana na shingo ngumu, kiasi kwamba kidevu hakifiki kifuani, tunashuku homa ya uti wa mgongo na kuanza antibayotiki mara moja pasipo kusubiri majibu yote, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea, kwani mtu aweza kuwa na maradhi yote mawili. Kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, tunatafuta pia fangasi wa ubongo, ambaye huumiza kichwa kwa wiki kadhaa, wakati mwingine bila homa kubwa. Mjamzito aliyevuka wiki 20, na hata mama aliyejifungua ndani ya wiki 6, apimwe presha papo hapo. 140/90 au zaidi pamoja na kichwa ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba.

Maumivu tunayatuliza tangu mwanzo, huku uchunguzi ukiendelea. Hata hivyo, nafuu inayokuja baada ya dawa haithibitishi kuwa hakuna tatizo kubwa: kichwa kitokanacho na damu iliyovuja nacho huweza kutulia kwa dawa za kawaida, kwa hiyo ambaye kichwa chake kilianza ghafla hatumruhusu kurudi nyumbani kabla vipimo havijakamilika.