Mhesi si mwenyeji wa Usambara, hata ukiwa na kwao Tanzania

Kila kundi la wageni linaloingia katika bustani yetu ya miti ya asili, huku Usambara Mashariki, lina mtu atakayetuuliza kwa nini tunang'oa miche ya mhesi (Maesopsis eminii) ilhali mhesi ni mti wa Tanzania. Ni kweli, lakini kwao ni upande wa Bukoba, ukingoni mwa eneo linaloanzia Afrika Magharibi na kupitia Kongo na Uganda. Huku uliletwa na wataalamu wa misitu waliotaka mbao za haraka.

Misitu hii hupata mvua yake kutoka Bahari ya Hindi, na nyika kavu imeitenganisha na misitu ya Kongo kwa muda mrefu kiasi kwamba ina spishi zisizoota penginepo duniani. Mti mkubwa ukianguka, mhesi ndio unaowahi kuziba pengo, kwa kuwa hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali, nao hukua upesi. Msambu (Allanblackia stuhlmannii), mti wa asili wa hapa, hauna haraka hiyo: mbegu zake huweza kukaa miezi mingi, hata kuzidi mwaka, ndipo zichipue, na ukizikausha ili uziweke kwenye jokofu umeziua. Kwa hiyo wale wanaotushauri tuweke akiba ya mbegu ili tupumzike kazi ya kumwagilia maji watuwie radhi. Akiba ya msambu ni msambu ulio hai. Tena una miti dume na miti jike, na kitaluni huwezi kuitofautisha hadi ichanue, miaka mingi baadaye. Ndiyo maana tunahitaji miche mingi, ya mama mbalimbali, kila mmoja ukiwa na kibao kinachotaja msitu na mgongo wa mlima ulikookotwa mbegu yake. Mche wa zawadi usio na maelezo hayo unafaa kivuli cha uani. Katika mkusanyiko wetu hauna kazi, hata uwe mzuri namna gani.

Kuhusu mihesi mizee, sina msimamo thabiti kama vitabu vinavyopenda kuonyesha. Ukiukata mmoja unafungulia mwanga, na wa kwanza kuinuka hapo ni watoto wake mwenyewe. Chini ya baadhi yake nimekuta Cephalosphaera usambarensis, mti wa hapa wa ukoo wa kungumanga, ukijiotea bila msaada wa mtu, na sijui kama ungestahimili jua kali iwapo kivuli hicho kingeondolewa. Kwa sasa tunang'oa miche na kuiacha mikubwa isimame mpaka tuwe na miche yetu ya kuziba pengo. Baadhi ya wenzangu huuita uamuzi huu woga, na hoja yao ina uzito: kila msimu tunaochelewa, hondohondo wanaendelea kula na kutawanya.